Je, Mchezo Humlea Mwanafunzi?

Kila mwaka, miezi ya Mei na Juni ikaribiapo, viwanja vya shule zetu huanza kutimka vumbi. Timu za shule huchujwa zikawa timu za wilaya, na za wilaya zikawa za mkoa, mpaka vijana waliobaki wakutane katika mashindano ya taifa: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari, kama walivyokutana Mtwara mwaka 2021 na Tabora mwaka 2022. Wakati huo huo, katika nyumba nyingi huanza mashindano ya namna nyingine, yasiyo na mwamuzi wala filimbi. Baba asema, “Mtoto huyu yuko Kidato cha Tatu, mwakani ana mtihani, mpira utampa nini?” Mama ajibu, “Mwache acheze, baba; tangu aingie timu amekuwa mtu.” Na mtoto mwenyewe yu mlangoni, raba mkononi, akingoja hukumu.

Hatukusudii kuamua kesi ya kila nyumba, kwa maana mzazi amjua mwanawe kuliko gazeti. Lakini twaona kwamba wazazi hawa wawili wameushika ukweli kila mmoja upande wake. Baba huona mchezo ni mwizi wa wakati. Mama huona mchezo ni dawa ya tabia. Swali lililo kubwa kuliko ratiba ya masomo ni hili: je, ni kweli kwamba mchezo wa timu humfanya kijana awe mwema zaidi, na humfundisha kutamani yaliyo mema? Au humwongezea wepesi wa miguu tu, na moyo ukabaki vile vile ulivyokuwa?

Tuutazame kwanza mchezo wenyewe, kabla ya kuusifu au kuulaumu. Tuchukue mpira wa pete, ambao binti zetu huucheza katika shule nyingi. Wachezaji ni 7 kila upande. Uwanja umegawanywa sehemu tatu, na kila mchezaji ana mipaka yake. Akiivuka, filimbi hulia. Aliyeshika mpira haruhusiwi kukimbia nao, wala kukaa nao zaidi ya sekunde 3. Wenye ruhusa ya kufunga ni wawili tu, tena wakiwa ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli. Fikiri basi maana ya sheria hizo. Binti mwenye mbio kuliko wenzake wote hawezi kuutoa mpira nyuma akaufikisha golini peke yake, hata angekuwa na nguvu za simba. Hana budi kumtazama mwenzake, kumwamini, na kumpa. Na yule mlinzi wa nyuma aweza kucheza miaka yake yote ya shule bila kufunga bao hata moja, na hata hivyo timu isiweze kumaliza salama bila yeye.

Sheria hizi hazikutokea kwa bahati. Asili yake ni mpira wa kikapu, uliobuniwa mwezi wa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith huko Springfield, Marekani. Mwalimu huyo alikabidhiwa darasa la wanafunzi 18 waliochoshwa na mazoezi ya viungo ya ndani wakati wa baridi, wakawa watukutu, hata walimu waliomtangulia wakashindwa nao. Hakutafuta adhabu; alitafuta mchezo. Alitundika vikapu viwili vya mapichi, akaandika sheria 13, na mojawapo ilikataza kukimbia na mpira mkononi, kwa kuwa alijua kwamba mwenye kukimbia nao hukamatwa na kuangushwa, na hapo ndipo ugomvi huanza. Miaka michache baadaye walimu wa kike wa Uingereza wakaugeuza mchezo huo, ukazaa mpira wa pete. Kwa hiyo mchezo huu, tangu kuzaliwa kwake, ulikuwa kazi ya mwalimu aliyetaka watu wenye nguvu wazitumie nguvu zao pasipo kuumizana.

Mchezo wa namna hiyo wafundisha nini? Twaona mambo matatu, na yote matatu ni magumu kufundishwa kwa chaki na ubao.

La kwanza ni kuijua nafasi yako na kuiheshimu. Kijana hupenda kuwa kila mahali na kusifiwa kwa kila jambo. Timu humwambia, “Hapa ndipo pako, palinde.” Akipaacha ili akatafute sifa mbele, mpira hupita mahali alipopaacha, na wote huona. La pili ni kulibeba kosa. Katika mtihani, mwenye kukosa hukosa peke yake, na karatasi yake hukunjwa pasipo mtu kuiona. Uwanjani kosa la mmoja ni hasara ya wote, nalo hufanyika mbele ya macho ya shule nzima. Naye aliyekosa hana pa kujificha, maana mpira waanza tena katikati, na wenzake wamngoja asimame mahali pake. La tatu ni kushindwa. Wazee wetu walisema, “Asiyekubali kushindwa si mshindani.” Hawakusema kwamba ni mshindani mbaya; walisema si mshindani kabisa. Mwenye kutaka ushindi tu, pasipo kukubali kwamba mwingine naye aweza kushinda kwa haki, huyo hakuja kucheza, alikuja kuchukua.

Wapo watu wakubwa walioshuhudia kwamba mafunzo haya yaliwaingia utotoni. Huko Algeria, katika nyumba maskini ya mjane, alikulia kijana Albert Camus, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1957. Alikuwa mlinda mlango wa timu ya vijana ya chuo huko Algiers, mpaka kifua kikuu kilipomtoa uwanjani akiwa na umri wa miaka 17. Mtu huyu hakuwa mwenye kuamini dini. Lakini alipokwisha kuwa mwandishi mashuhuri alikiri kwamba yale aliyoyajua kwa hakika juu ya maadili na wajibu wa binadamu, deni lake lilikuwa kwa mpira wa miguu. Na huko Wadowice, nchini Polandi, mlinda mlango mwingine alikuwa Karol Wojtyła, ambaye twamfahamu kwa jina la Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili. Vijana Wakatoliki walipocheza na vijana Wayahudi wa mji ule, yeye mara nyingine alisimama golini upande wa Wayahudi, wakati timu yao ilipopungukiwa mlinda mlango. Watu hawa wawili hawakufanana katika imani. Lakini kila mmoja alijua maana ya kusimama peke yake nyuma ya wenzake kumi, akiwa tumaini lao la mwisho.

Mpaka hapa mama yule wa mlangoni aweza kufurahi na kusema, “Je, sikuwaambia?” Lakini tusiharakishe. Kuna neno zito upande wa pili, wala si lile la wakati na mitihani.

Genge la wezi nalo lina nidhamu. Kila mmoja ana nafasi yake: huyu hulinda njia, yule huvunja mlango, wa tatu huendesha gari. Wao nao huaminiana, huvumilia taabu, humtii kiongozi wao, na akikamatwa mmoja huficha majina ya wenzake hata akipata mateso. Ushirikiano, ushujaa, utii, uvumilivu, uaminifu: sifa zote tunazoisifia timu, genge laweza kuwa nazo. Basi, ikiwa mchezo hufundisha mambo hayo tu, haujamfundisha bado kijana kuwa mwema. Umemfundisha kuwa na nguvu pamoja na wenzake, na nguvu hiyo yaweza kwenda popote.

Niruhusiwe kusimulia jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Nilikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Pili, mchezaji wa akiba wa beki ya kulia, katika shule ambayo sitaitaja. Tulikuwa na mechi kubwa dhidi ya shule jirani. Asubuhi ya siku ile tulimkuta garini kijana tusiyemjua, ndevu zake zimenyolewa upya, amevaa jezi namba 9. Kumbe alikuwa mbeba mizigo wa sokoni, mchezaji hodari aliyejulikana mjini. Tuliambiwa kwa sauti ya chini: “Mkiulizwa, huyu ni fulani wa Kidato cha Tatu.” Fulani mwenyewe, mwenye jina lile na namba ile, alikuwa kwao anaumwa malaria. Watu kama huyu mgeni, michezo ya shule huwaita mamluki, na hata leo viongozi wa michezo hawajaacha kuonya juu yao.

Tulishinda mabao mawili kwa moja, na yote mawili aliyafunga mgeni. Tulirudi tukiimba njia nzima. Hakuna aliyesema neno, si mwalimu, si nahodha, wala mimi. Naungama kwamba niliimba kama wengine. Baada ya juma moja yule mwenye jina alirudi shuleni, amekonda, na vijana wakamkimbilia bwenini kumpongeza kwa mabao yake mawili. Alicheka. Kisha akauliza nani alicheza mahali pake, tukamwambia. Aliketi kitandani, akaanza kufungua sanduku lake polepole, wala hakuuliza tena. Mwaka ule hakurudi mazoezini. Mwalimu alisema amekuwa mvivu.

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi, na naona kwamba uongo ule uliwaibia watu wa namna tatu. Wa kwanza ni wapinzani wetu, walioshindwa na shule ambayo hawakucheza nayo. Hao kila mtu huwaona. Wa pili ni yule mgonjwa, aliyenyang'anywa jina lake likafanya kazi bila yeye. Alijifunza kwamba shule yake ilihitaji namba 9, haikumhitaji yeye. Wa tatu ni sisi wenyewe tulioshinda. Mpaka leo hakuna hata mmoja wetu ajuaye kama tungeweza kushinda kwa miguu yetu. Huenda tungeweza. Huenda tungeshindwa kwa heshima, tukajua tupungukiwalo na kulifanyia kazi. Tulipewa kikombe, tukanyimwa kipimo.

Hapo ndipo tabia na matarajio ya kijana huungana. Matarajio mema huanza kwa kujijua: naweza hiki, sijaweza kile, nikifanya bidii nitafika pale. Uwanja wenye haki humpa mwanafunzi kipimo hicho mapema, tena kwa uwazi, kabla maisha hayajampa kwa ukali. Lakini aliyezoea ushindi wa kuazima hujifunza matarajio ya namna nyingine: hutazamia cheti pasipo kusoma, cheo pasipo kazi, na kura pasipo wapiga kura. Hatusemi kwamba kila mla rushwa alianza kwa kuvishwa jezi ya mwenzake. Lakini samaki hukunjwa angali mbichi, na kijana aliyefundishwa na mtu mzima kusema uongo kwa ajili ya timu, atashangaa siku akiambiwa asiseme uongo kwa ajili ya ofisi yake, chama chake au ukoo wake. Yeye ataona amekuwa mwaminifu, na kwa namna fulani atakuwa anasema kweli. Hasara yenyewe ndiyo hiyo.

Basi tofauti ya timu na genge ni nini? Twaona ni hii: timu hutii sheria inayomlinda hata mpinzani. Mwenye kucheza vizuri aweza kutamani sana kumshinda mwenzake, wala hatamani kumwondoa, maana pasipo mpinzani hakuna mchezo. Yule asimamaye mbele yako ni mwenzako katika kazi moja. Ubora wake hukulazimisha uutoe ubora wako. Ukimdanganya, umeuvunja mchezo ule ule unaodai kuupenda. Uaminifu kwa wenzako ni jambo tukufu. Lakini uaminifu usiokubali kusimamiwa na ukweli hugeuka kuwa kula njama. Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorinto, aliwapa mfano wa mbio na wa wanariadha wajizuiao katika mambo yote, kwa kuwa watu wale waliyajua mashindano ya nchi yao. Hakuona haya kuutoa uwanjani mfano wa roho. Lakini mfano wake ulikuwa wa mtu ajitawalaye nafsi yake.

Limebaki neno juu ya ndoto za vijana wetu. Mvulana mwenye kipaji leo hutaja jina la Mbwana Samatta, aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wachezao ndani ya bara hili kwa mwaka 2015, na ambaye mwezi wa Januari 2020 alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia Ligi Kuu ya Uingereza. Mwenye kimo kirefu hutaja jina la Hasheem Thabeet, aliyeuanza mpira wa kikapu hapa nyumbani akiwa kijana, akasoma katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kati ya vijana wote walioingia ligi kubwa ya Marekani. Mifano hii ni ya kweli, na mzazi asiidharau. Lakini mtoto naye aambiwe ukweli wa hesabu. Mashuleni kuna maelfu kwa maelfu ya wachezaji, na wachache mno ndio watakaokula mkate wa mpira. Anayeuthamini mchezo kwa sababu ya fedha za mbeleni tu, aghalabu atauona umemdanganya.

Je, hao wengine wote wamecheza bure? Hasha. Yule mlinzi wa mpira wa pete asiyefunga bao huenda akawa muuguzi wa zamu ya usiku, afanyaye kazi isiyoimbwa na mtu, na ajue kwamba nyumba nzima yasimama kwa sababu yake. Nahodha huenda akawa mwalimu ajuaye kumtazama mtoto wa nyuma kabisa. Mchezaji wa akiba, aliyejifunza kufanya mazoezi kama wengine huku akijua kwamba Jumamosi atakaa benchi, amepata somo ambalo watu wengi hulipata uzeeni, au hawalipati kabisa: kwamba kazi njema hufanywa hata pasipo kuitwa jina lako. Tena mchezo wa timu humpa kijana tamaa ya namna isiyo ya kawaida, yaani kutamani jambo ambalo haliwezi kuwa lake peke yake. Taifa lahitaji watu wenye tamaa ya namna hiyo.

Lakini mafunzo haya hayaji yenyewe kama mvua. Twajua nahodha mpole uwanjani aliye mkorofi nyumbani, na binti mvumilivu katika mechi asiyevumilia hesabu mbili ngumu. Tabia iliyozaliwa uwanjani haivuki uzio wa shule mpaka mtu mzima aishike mkono na kuivusha. Ndiyo sababu neno la mwalimu baada ya mechi lina uzito kuliko matokeo yenyewe. Timu iliyoshinda kwa bao la mkono ambalo mwamuzi hakuliona, ikasifiwa, imefundishwa. Timu iliyoshindwa, mwalimu wake akaenda kuwapa mkono washindi mbele ya wanafunzi wake, nayo imefundishwa. Hakuna mechi isiyofundisha. Tofauti ni somo lenyewe.

Tuwaombe basi walimu jambo moja: mwanafunzi wa mwisho wa shule yenu na acheze kabla ya mgeni wa kwanza wa mjini. Kikombe kilichomo kabatini kwa uongo humfundisha uongo kila mtoto apitaye mbele yake. Wazazi nao twawaomba wabadili swali. Mtoto arudipo jioni, aghalabu twamwuliza, “Mmeshinda?” Tumwulize pia, “Mmechezaje? Nani alikosea, nanyi mlimwambia nini? Yule aliyekaa benchi, nani aliketi naye njiani?” Kwa maswali hayo mtoto atajua kwamba nyumbani kwao kuna kitu kinachotazamwa kuliko mabao. Na baba mwenye hofu ya mtihani asione haya kumwekea mtoto mipaka ya saa za mazoezi na saa za kitabu. Mchezo wenyewe umejaa mipaka, na mwenye kuipenda timu ataielewa.

Na kwako wewe kijana, siku utakapoambiwa kuapa kwamba mgeni ni mwenzako, itakuwa vigumu kusema hapana. Timu nzima itakuangalia, na utaitwa msaliti. Lakini mkumbuke yule aliye kitandani kwao, ambaye jina lake linataka kuvaliwa na mwingine. Yeye ndiye mwenzako. Ukimtetea yeye, hukuisaliti timu. Huenda siku ile ni wewe peke yako uliyebaki kuwa timu.

Turudi mlangoni kwa yule mtoto mwenye raba mkononi. Mama asema mchezo utamlea. Baba asema utampotezea wakati. Twaona kwamba mchezo wenyewe haulei wala haupotezi. Humweka mtoto mahali ambapo aweza kulelewa, mbele ya sheria, mbele ya wenzake, na mbele ya kosa lake mwenyewe. Wanaolea ni watu: mwalimu, mzazi, na mchezaji mwenzake. Mwacheni basi aende akacheze, naye arudi kabla ya giza, asome. Lakini akirudi na ushindi, mkagueni kama ni wake. Yule rafiki yangu wa Kidato cha Tatu alipongezwa kwa mabao mawili ambayo hakuyafunga, naye hakurudi uwanjani tena. Mimi niliyejua na kunyamaza, ndiye niliyekuwa na deni la kumwomba radhi, na mpaka shule ikafungwa sikumwomba.